Siku Riba Iliposhuka Dunga

Jumanne saa tisa, Maximilla alikuwa akigeuza samaki wa ngege kwenye mafuta kibandani pake, pale Dunga kando ya ziwa, wakati redio ilipotangaza kwamba kamati ya Benki Kuu imepunguza riba kwa asilimia moja nzima. Miguu yake ikaachana na ardhi, akaelea.

"Moja nzima, mama yangu!" akapaza sauti Akello, jirani yake wa kibanda, akining'inia kwenye nguzo. "Shika karai!"

Akina mama wa Dunga wamezoea. Riba ikishuka robo asilimia humwinua mtu kiganja kimoja, nusu humfikisha usawa wa meza, ndiyo maana kila mmoja huweka mawe mawili kwenye aproni. Lakini moja nzima? Mawe hayakufua dafu. Wateja walimalizia samaki wao wakiwa juu ya mabati. Mzee Opondo, shemasi, alipiga pindu tatu hewani, akaomba Mungu amsamehe, akapiga ya nne. Wacha bwana! Watu walicheka hadi mbavu zikauma.

Maximilla alicheka kuliko wote. Friza yake aliyoinunua kwa mkopo wa benki ilikuwa ichukuliwe Ijumaa, maana malipo ya mwezi yalikuwa yakimshinda kwa elfu moja tu. Riba ikishuka, malipo yatashuka, friza itabaki. Akayatupa mawe yake ili benki wajionee wenyewe, akaenda mjini akijivuta kwa matawi na kona za paa.

Mlangoni mwa benki alianguka pu! Ndani hakuna aliyeelea. Brandon, karani wa mikopo, alikuwa amekaa kitini kama kawaida.

"Hiyo wametupunguzia sisi benki, Mama," alisema kwa upole. "Kwa wateja bado tunaangalia."

"Mpaka lini?"

"Miezi kadhaa hivi."

"Na ile siku riba ilipanda?"

Siku ile Maximilla alikuwa amezama mchangani hadi kiunoni, na ujumbe wa malipo mapya ukamfikia kabla hajajichomoa.

"Hiyo ilifika haraka," Brandon alikubali, akamfungulia mlango. Maximilla akapaa.

Ijumaa, Dunga nzima ilikuwa bado hewani ikipiga vigelegele. Friza peke yake ilikuwa chini, na wanaume wanne wa dalali aliyetumwa na benki, walioishika, walikanyaga ardhi vizuri kabisa. Maximilla alijivuta chini kwa kamba ya mtumbwi, akatoa samaki waliobaki ndani, akawauliza wale wanaume kama wamekula. Hawakuwa wamekula. Akawakaangia, wakalipa, wakapakia friza, wakaenda.

Akaiachia kamba. Mwili ukapanda tu.

Akiwa usawa wa msalaba wa kanisa, ujumbe wa benki ukaingia kwenye simu: friza ikiuzwa, deni litakalosalia ataendelea kulilipa kwa riba ileile ya zamani.

"Wanasemaje?" Akello akauliza, akipita kichwa chini.

"Wananisalimia," Maximilla akasema, akamshika mkono wasipeperushwe ziwani.