Ndoa ya Benki Bila Ng'ombe

Benki yetu ya Katoro ilipomezwa na benki moja ya Dar, meneja Davis alikata keki pale kaunta, tai imemkaba kama ndama wa mnadani, akatangaza: "Wateja wapendwa, hii ni ndoa! Tawi hili tunalifunga mwisho wa mwezi, mtahudumiwa Geita mjini."

Aisee! Mama Zipora, mponda mawe ya dhahabu wa Rwamgasa, akasogea mbele. Yeye huweka pesa hapo kila Ijumaa, maana nyumba yake imeshavunjwa na wezi mara mbili.

"Shikamoo mama," Davis akajichekesha.

"Marahaba. Bwana harusi katoa ng'ombe wangapi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Mama, hii ni ndoa ya kibiashara."

"Hata kuku hakutoa! Sasa nikibeba pesa kwa bodaboda mpaka Geita, nani atanilinda? Wewe na keki yako?"

Davis akalegeza tai.

"Nipe changu chote, nikanunue ng'ombe. Ng'ombe akiibwa nafuata nyayo zake. Nyie mkihama nafuata nyayo za nani?"

Tukajipanga wote nyuma yake kutoa zetu. Keki wakaila nzi.