Kabati la Vidole

Ijumaa asubuhi Amoding alikuwa akisugua wino kwenye dole gumba lake la kushoto kwa jivu na ganda la limau. Wino ulitoka, na mistari ya kidole ikatoka nao. Kidole kikabaki laini kama harage lililoiva. Alikifuta kwa leso akarudi kwenye sufuria yake, kwa kuwa madereva wa malori ya Malaba wakitaka chai na maharage hawangoji mtu akague mwili wake.

Wino huo ulikuwa wa jana yake, wa kupigia dole ombi la barabara. Mapema mwezi huo foleni ya malori ya kwenda Uganda ilikuwa imenyooka hadi mbele ya shule ya msingi, na lori moja lililochoka kungoja lilitanua pembeni kuipita foleni, likamgonga Among, binti wa Ekisa, wa darasa la tatu. Baada ya mazishi wazazi walikubaliana kuiomba serikali kitu kidogo: matuta matatu na kibao cha watoto wakivuka. Amoding ana mjukuu, Cindy, anayevuka barabara hiyo hiyo kila siku ya shule. Akachukua karatasi, akazunguka nyumba kwa nyumba akiwakumbusha watu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wakajitokeza mia tatu na kumi na wawili. Walikataa kutia sahihi, wakasema sahihi mtu huiga, heri dole. Amoding alipiga la kwanza. Ekisa alipiga la pili, kwa nguvu hadi karatasi ikapasuka kidogo. Mwalimu Okiror akazipeleka karatasi Busia, zikagongwa muhuri.

Wiki iliyofuata Amoding alienda zahanati kuchukua dawa yake ya presha. Sharlyne, muuguzi, alimwekea kidole kwenye mashine mara tatu.

“Mama, hii machine inasema haikujui.”

“Si wewe unanijua?”

“Mimi nakujua sana. Lakini dawa inapeanwa na machine.”

Akarudi nyumbani bila dawa. Njiani alikutana na watu waliokuwa wamerudishwa kutoka kwenye mbolea ya ruzuku na mashine kama hiyo. Jumatatu wakaja makarani wa kura kukagua daftari pale shuleni, na ikaonekana kwamba wapiga kura mia tatu na kumi na wawili hawapo. Karani mmoja, kijana mwenye adabu zake, aliwapa pole wote waliokuwa wamesimama mbele yake, akafunga mashine. Kwa hiyo waliolalamikia barabara ndio hao hao waliokosa kura. Mtu angeweza kucheka, kama angekuwa na nguvu za kucheka.

Wengine walivumilia. Aliyeshindwa ni mwalimu Okiror. Mkewe, Petronilla, husafishwa damu mara mbili kwa wiki kwa sababu ya figo, na sasa hospitali ilikuwa imemkataa mara mbili mfululizo. Okiror alikuja kusimama mlangoni kwa Amoding, na hakutaka kuketi.

“Mama, mimi silaumu mtu. Lakini miguu yake imefura mpaka kwa magoti.”

Amoding akafunika sufuria, akapanda gari la Busia, kule zilikopelekwa zile karatasi.

Ofisi ya maombi ya wananchi ilikuwa chumba kimoja chenye karani mmoja, Brayo, na kabati moja la chuma. Amoding alipoeleza shida yake, Brayo aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa choo kiko wapi.

“Eeh, vidole. Viko hapa.”

Akafungua kabati. Kulikuwa na joto humo ndani, na harufu ya watu wengi waliokaa pamoja. Karatasi za Malaba zilikuwa juu, alama zake bado zambarau, nyingine zikitoka jasho. Chini yake zilikuwepo za kijiji cha Rukala, za watu walioomba ukuta wa kuzuia mafuriko ya mto uzibwe. Alama nyingi kwenye hizo zilikuwa za kijivu, na kila alama ya kijivu ilikuwa na kistari cha penseli.

“Hao walikufa,” Brayo alieleza. “Nawapiga line ndio hesabu isiharibike.”

“Vidole vyetu vinarudi lini, boss?”

“Petition ikifungwa. Wakikubali ama wakikataa.”

“Yetu imefika wapi?”

“Imepokelewa.”

“Kupokelewa ni kukubali ama kukataa?”

“Ni kupokelewa, mama. Hawa wa Rukala wamepokelewa miaka tisa.” Brayo alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. “Ama mwenye alipiga dole la kwanza aitoe mwenyewe. Hiyo inafungwa leo leo. Unatumia dole la mkono wa kulia.”

“Na matuta?”

“Matuta ni ya petition. Ikienda, yameenda.”

Amoding aliomba kuzitazama karatasi. Alipitisha jicho hadi kwa Petronilla, dole la arobaini na moja. Lilikuwa limeanza kuwa la kijivu pembeni. Alirudi juu, kwa Ekisa, akakuta pale karatasi ilipopasuka. Machozi yakamtoka mbele ya kijana wa watu. Kisha akaomba wino.

Kufika Malaba, vidole vilikuwa vinawasha kijiji kizima. Kesho yake mistari ilirudi, kila mtu na yake. Alhamisi Petronilla alisafishwa damu. Sharlyne aliita watu wa presha mmoja mmoja, na mashine ikawajua.

Ekisa alikuja wakati wa chai, dole lake limefungwa kitambaa.

“Mama, umeifunga ya mtoto wangu.”

“Nimeifunga, Ekisa.”

“Sawa.”

Akanywa chai hadi mwisho, akaosha kikombe mwenyewe, akaenda.

Mwisho wa mwezi ofisi ya maombi ilibandika orodha ukutani. Ombi la barabara ya Malaba lilikuwa la nne kutoka juu, na mbele yake Brayo alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: limetatuliwa.

Siku hizi Amoding huacha sufuria saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akasimama kando ya barabara na leso nyekundu. Akiipunga, malori hayapunguzi mwendo; madereva wengine, wateja wake, humpigia honi ya salamu. Watoto hungoja nyuma yake, wameshikana mikono, mpaka pengo litokee. Leo lilitokea pengo dogo kati ya lori la saruji na tangi la mafuta. Akawaambia wakimbie, nao wakakimbia, kumi na tisa, Cindy wa mwisho, wakafika wote ng'ambo. Leo ni Jumanne, na wiki hii shule bado ina siku tatu.