Chupa ya Pili

Tik. Kisha tena, tik. Alfajiri, kabla hata jogoo wa jirani hajakohoa, nilisikia ukucha ukigonga kioo jikoni. Nikajifunga shuka, nikaenda.

Mjukuu wangu wa kike wa miaka saba, tunayemwita Profesa, alikuwa juu ya kigoda na tochi mkononi, mbele ya chupa tatu za jamu. Kila moja aliitia pamba na maharage matano. Ya kwanza ilipata maji na mwanga. Ya pili ilipata mwanga bila tone la maji. Ya tatu ilipata maji, ila ilifungiwa kabatini gizani. Siku ya kumi ilikuwa imefika, na asubuhi hiyo mwalimu angechagua majaribio ya kuwekwa mezani wazazi watakapotembelea shule. Muhula uliopita lake liliachwa. Tangu nifike kwao, hakuwa na wimbo mwingine.

"Bibi," alisema bila kugeuka, "hii ya pili imeota."

"Si vizuri?"

"Ilitakiwa isiote."

Aliniambia nisiziguse chupa zake, na kweli sikuzigusa. Ila tangu siku ya saba, kila asubuhi wakishaondoka, nilikuwa nakunywa chai pale dirishani, na yale maharage makavu yananikodolea macho. Mimi nimelima maisha yangu yote. Siwezi kunywa mbele ya mbegu yenye kiu. Nilikuwa natia kijiko kimoja tu, najiambia kumwagilia si kugusa.

"Ni mimi," nikasema. "Niliyahurumia."

Akashuka kigodani. Hakulia. Afadhali angelia.

"Siku kumi, Bibi."

"Najua, mke mwenzangu. Tuyatoe hayo, tutie makavu mengine. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Aibu ikanipanda mpaka masikioni.

Binti yangu, mama yake Profesa, ni fundi cherehani. Alitoka chumbani akiwa na haraka zake. "Fanyeni lile la yai," akasema. "Kwenye maji matupu linazama, ukitia chumvi nyingi linaelea. Dakika tano tu."

Yai lilikuwa limebaki moja. Mdogo wake Profesa, wa miaka minne, tunamwita Kidole kwa sababu hakuna tundu asilolichokonoa. Yeye akapewa kazi ya kushika kopo la chumvi. Profesa akajaza maji bilauri, akalishusha yai taratibu kwa kijiko.

Yai likapanda juu, likatulia.

"Limeelea," alisema Kidole. "Nimwage chumvi?"

"Chumvi ya nini sasa?"

"Hilo viza," nikasema. "Yai likikaa sana huelea lenyewe."

"Humu ndani kila kitu kinafanya kinyume," alisema Profesa.

Kidole, aliyekuwa amepewa kazi, akaifanya. Kopo zima. Chumvi ikafurika mezani mpaka sakafuni, mama yao akatazama saa, akatazama sakafu, akamshika Kidole mkono, akaondoka naye. Nikawa nakusanya chumvi kwa kiganja huku Profesa akifunga begi kwa hasira, zipu ikang'ata kitambaa. Tukahangaika na zipu nayo.

Nikampeleka shule mimi, chupa zikiwa kikapuni. Njia nzima alinitangulia hatua tatu, mgongo umekakamaa. Lakini kila tulipofika kwenye mtaro alisimama, akasubiri mpaka nivuke, kisha akaendelea na hasira zake.

Mwalimu, kijana mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, aliipandisha chupa ya pili kwenye mwanga. "Hii si ulisema hainyweshwi?"

"Ilinyweshwa."

"Na nani?"

Nikafungua mdomo. Profesa akaniwahi.

"Na mtu aliyeihurumia."

Mwalimu akanitupia jicho, akaliondoa upesi, nami nikamshukuru kimoyomoyo.

"Kosa ni langu, mwalimu," nikasema. "Yeye alifuata kila kitu."

"Nimekuelewa, mama. Lakini chupa zote zikipata maji, hatuwezi kujua maji yanafanya nini. Arudie, nitaliona jaribio lake muhula ujao."

Wenzake walikuwa wanapanga sumaku na betri zao mezani. Profesa aliwatazama, akanirudishia kikapu, akaenda kukaa.

Jioni hakunisemesha. Kesho yake ilikuwa siku yangu ya kurudi kwangu, na usingizi ulinipita kando. Kuharibu nilikuwa nimeharibu, lakini kuondoka mtoto akiwa amenifungia moyo kungenimaliza.

Asubuhi nilikuwa nakunja nguo zangu alipoingia na chupa tatu zilizooshwa, bado zinadondosha maji.

"Naanza upya leo," alisema.

"Vizuri."

Akakaa kitandani kando ya nguo zangu. Akachezea kifuniko cha chupa kwa muda.

"Siku ya sita na mimi nilitaka kuyapa maji yale maharage ya chupa ya pili. Yalikuwa yamekunjamana kama ngozi ya mzee."

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda kulala mapema."

"Wewe una moyo kunizidi."

"Sina. Nililala nikiwa nimekasirika."

Nikafunga mkoba. Akaushika mkanda wa mkoba, hakuuachia.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Una haki."

"Lakini uje tena, Bibi. Uje siku ya sita. Tuyanyime maji sote wawili."