Viti vya Kukodisha vya Ngare Mara

Gacheri alikuwa hajafika nusu ya kikombe Hanad alipopiga honi. Hanad, dereva wa shirika, hakupenda vumbi la jioni, na akishaamua safari imekwisha, basi imekwisha. Gacheri aliweka chai chini, akakusanya simu na kalamu, akawapungia mkono akina mama wa Ngare Mara, wasusi wa vikapu vya majani ya mkoma, akakimbilia gari. Akidor, mwenyekiti wao, alikuwa ameshafungua mdomo aseme neno. Mlango wa gari ukafungwa.

Ndivyo alivyozunguka mwaka huo, mwanagenzi wa kujitolea, kazi tele na posho ya kubabaisha. Alienda Oldonyiro kwa washona shanga, Kinna kwa watengeneza sabuni, kisha akaanza upya. Kila mahali alikaribishwa kiti, akamiminiwa chai, akaulizwa kama mama yake kule Nkubu hajambo. Na kila mahali honi ililia. Usiku ukiingia alikuwa mtaani Bulla Pesa, mjini Isiolo, kwenye chumba cha kupanga, ambako jirani yake Ikra alimwita kwa jina la mpangaji aliyehama. Hakumsahihisha. Upweke ulimkaa rohoni hata ikawa sufuria ikichemka anaipa pole, ili walau asikie mtu akipewa pole. Tena chakula hakikumshibisha. Alidhani ndivyo ilivyo kwa anayekula peke yake.

Mwezi wa nane alirudishwa Ngare Mara kupiga picha za kuwapelekea wafadhili. Akidor alimpokea vizuri, akamwonyesha jiwe la kukalia.

"Viti vimejaa," alisema.

Ilikuwa kweli. Chini ya mgunga, kwenye viti vya plastiki ambavyo kikundi kilinunua ili kukodisha kwa arusi na matanga, walikuwa wameketi wageni wote waliowahi kuja: afisa wa mikopo na tai yake, daktari wa mifugo, wazungu wawili waliobabuka pua, bibi mmoja wa semina za uongozi. Mwisho wa safu aliketi Gacheri, amenenepa kidogo, anasukwa nywele na binti wa Akidor, anacheka.

"Waliondoka bila kuaga," Akidor alieleza, kama anayeeleza kwa nini mbuzi amefungwa kamba. "Kwetu mgeni anaomba ruhusa, tunamtemea mate ya baraka kwa mkono, ndio anaenda mzima. Hawa walienda nusu. Nusu ingine imebaki, na hiyo ndio inapenda chai."

"Wanakunywa sana?"

"Sukari haikai. Na hiyo si kitu. Nani atakodisha kiti iko na mtu?"

"Hamkuwaita wenyewe?"

"Tulipiga simu. Kila siku wanasema wako kwa mkutano."

Gacheri alijitazama. Yule wa kwenye kiti alikuwa amejifunza kusuka, na kikapu magotini mwake kilikuwa kimenyooka. Akina mama walimwita bila kukoma: Gacheri shika hapa, Gacheri angalia mtoto, Gacheri acha uvivu. Gacheri wa Bulla Pesa alimwonea wivu, wivu wa kweli, wa kutaka kulia.

"Wewe umekuja mwenyewe," Akidor alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Jumamosi Lodio anaoza msichana wake huko Gotu. Alitaka viti, nikamwambia hakuna. Nyanya ya bibi arusi ako na mgongo, hawezi kukaa chini. Hata moja tu, mama. Niombe ruhusa, nipatie mkono."

Gacheri alinyoosha mkono. Akidor akakusanya mate. Kwenye kiti, yule mwingine aliacha kucheka akainua macho, na binti aliyekuwa akimsuka akashika nywele zake kwa nguvu zaidi. Gacheri aliurudisha mkono, akautia mfukoni.

"Nitakuja siku nyingine," alisema.

Akidor alimeza mate yake. Hakukasirika; maneno hayo alikuwa ameyasikia kwa wengi. Aliinua birika, akaanza kuimiminia safu chai ya saa kumi.

Jumamosi arusi ilifanyika. Watu walikaa juu ya mawe na mitungi, na nyanya wa bibi arusi akalazwa ubavu ndani ya nyumba, akawa anauliza kila anayeingia kama mjukuu wake amependeza. Akidor alirudi na fungu la nyama ya mbuzi, akawagawia wageni wa Ngare Mara, kwa kuwa mgeni hanyimwi.

Huko Bulla Pesa, Gacheri alikuwa amelala bila kupika. Mdomo ulimjaa mafuta ya mbuzi, akashiba kwa mara ya kwanza tangu aje Isiolo. Kisha mwanamke akamwita, Gacheri, wee Gacheri, jinsi anavyoitwa mtu wa nyumbani. Aliitika papo hapo, kwa sauti kubwa, peke yake chumbani.