Sufuria ya Rangi na Dawa

Jumanne asubuhi, huko Naro Moru, Wakonyo alikuwa na sufuria mbili tu. Ndogo ilikuwa motoni na githeri. Kubwa ndiyo aliyochemshia sufu Jumatatu, pamoja na mizizi myekundu ya msituni na shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi. Binti yake Nyawira, wa miaka sita, alikuwa amekohoa wiki tatu. Wakonyo aliisuuza ile kubwa mara moja, akachemsha gome la muthiga, mti wa dawa ya kikohozi, akampa kikombe kizima.

Saa nne Nyawira alijifuta mdomo kwa taulo. Taulo ikawa nyekundu. Haikuwa damu. Magdaline, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaosokota sufu, aliifua kwa sabuni ya kipande, akaianika juani hadi jioni, na rangi haikutoka.

"Hii imeshika kushinda yetu," alisema.

Kufikia Alhamisi kila alichogusa mtoto kilikuwa chekundu: kikombe, mbuzi, ukurasa wa hesabu. Mwalimu alituma barua akiomba aje na gunia la kukalia. Wakonyo alitafuta gunia safi.

Benter, mke wa polisi na jirani wa mlango wa pili, alikuja kuomba chumvi.

"Mama Nyawira, kifua ya huyu mtoto inalia hadi kwangu. Si umpeleke hospitali, ata leo?"

"Nitampeleka. Wacha oda iishe kwanza."

"Kwani ni oda inakohoa?"

Wakonyo alicheka kidogo, akampimia chumvi.

Oda ilikuwa ya mazulia ya hoteli moja ya Nanyuki. Kila siku baada ya shule Nyawira aliketi kwenye kigoda, akapitisha nyuzi katikati ya viganja, zikatoka nyekundu. Akina mama walipanga laini na sufu zao nyeupe, wakiongea mambo ya mvua. Akikohoa walingoja, kwa sababu kikohozi kilileta madoa. Walimwambia pole. Mmoja alimletea ndizi, naye akaila ikiwa nyekundu.

Wiki ya pili alikohoa zaidi. Wakangoja zaidi.

Jumamosi rangi ilianza kupauka. Magdaline aliushika mkono wa mtoto, akauangalia kwenye mwanga wa mlango. Ulikuwa unarudi kuwa mkono tu.

"Imebaki zulia moja," alisema. "Mchemshie ingine."

Kadi ya kliniki ilining'inia kwenye msumari juu ya jiko. Wakonyo aliisogeza kando isishike moshi. Kisha akachukua ile sufuria kubwa, iliyotoka kuchemsha mizizi asubuhi hiyo, akatia gome ndani.

Hakuisuuza.