Mlima Uliotafsiriwa na Masihara

Wazazi wenzangu, haya niliyaota Jumapili mchana, na nayaandika mlima bado unanguruma, ili mwenye mtoto asome. Siku hiyo ardhi ya hapa kwetu, chini ya mlima wa moto, ilikuwa imetetemeka mara mbili, na mjumbe kapita akisema tukae tayari kuhama. Binti yangu Ndeshi yeye alikwenda kibanda cha video kuangalia picha ya mlima unaolipuka, yenye mastaa saba wakubwa kwenye bango. Akarudi amenuna. "Mastaa wote wale, mama, halafu moto wenyewe kama uji wa mtama. Tumecheka mpaka basi." Nikamwambia afunge nguo zake. Akasema, "Hata wale walikimbia tu, wakapona." Nikajilaza na uchungu huo, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ya majivu, isiyo na jogoo wala kivuli, na mbele yangu mlima umefunua kinywa chekundu. Mwanamke mkondefu, nyayo zimepasuka kwa kutembea, akanishika mkono. "Mimi ni Hadhari," akasema. "Nimebisha kila mlango wa nchi hii. Wananipa kiti, hawanipi sikio." Akanionyesha mteremkoni Umaarufu, Urembo na Ujasiri wa Mdomo, wameketi juu ya viti vya dhahabu wakipakwa poda, moto unawalamba visigino, na hakuna aliyeondoka, maana kila mmoja alingoja apigwe picha kwanza. Bondeni umati umejaa kwenye mabenchi, unausema mlima: mara moshi hafifu, mara unachelewa. Na benchi la mbele alikaa Ndeshi wangu.

Mlima ukanguruma. Hapo akainuka Masihara, baba mwenye kitambi, kashika kipaza sauti kama wale wanaotafsiri picha vibandani, wakisema juu ya sauti za wenyewe. "Mlima unasema umevimbiwa maharage," akatafsiri, watu wakaangua kicheko. Hadhari akaita, "Inukeni, njia ya mashariki bado iko wazi." Masihara akadakia, "Bibi anauliza nani kamchukulia kandambili zake." Nikamsihi Hadhari amnyang'anye kile kipaza sauti. Akatikisa kichwa. "Hakukiiba, mwanangu. Wao ndio waliompa, siku walipochoka kunisikia."

Basi nikaita mwenyewe, "Ndeshi, mwanangu, inuka, utaungua." Masihara akabana pua: "Ndeshi, vaa sweta. Ndeshi, mbwa huyo. Ndeshi, usinywe maji umesimama." Umati ukavunjika mbavu, na mwanangu akacheka kuliko wote, kwa kuwa kila neno lilikuwa langu kweli, nililisema jana, na juzi, kwa sauti ileile. Moto ukafika benchi la mbele. Alikuwa bado anacheka.

Nikazinduka nimelowa jasho, masufuria yanagongana, ardhi inatetemeka mara ya tatu. Ndipo nikajua nani alimpa Masihara maneno. Nimemtisha mtoto kwa mvua, kwa mbwa, kwa umande, mpaka hofu yangu imekuwa kwake picha mbovu aliyokwisha kuiona. Wenzangu, wekeni akiba ya sauti zenu. Mimi nilikimbilia mlangoni, na kabla sijafungua kinywa nikamsikia uani akiwanong'oneza wenzake, "Tulieni, sasa hivi mama anaanza."