Ndevu za Mtakatifu Yosefu

Bibi Marie-Goretti alitafuna mara moja tu, akajua amekosea. Mkate ulikuwa mgumu kama kigae, na ladha yake ni ya mlango uliopakwa rangi. Akageukia dirisha kama mtu anayetazama barabara, akautema kiganjani, akaufunga katika pindo la kitenge.

Siku hiyo mjukuu wake, Raïssa, alikuwa anajaribiwa kazi. Katika mtaa wa zamani wa Waitaliano, hapa Houston, kuna nyumba ndogo ya mbao iliyogeuzwa makumbusho. Mwenye kuitunza, mama mzee aitwaye Abigail, alitafuta mtu wa kuwatembeza wageni Jumamosi. Raïssa, ambaye wiki nzima hubeba maboksi ghalani, aliitaka kazi ile mpaka akaiota.

"Bibi, twende wote," alisema asubuhi walipotoka nyumbani Stafford. "Nikikuona nyuma ya watu sitatetemeka."

Na kweli hakutetemeka. Aliwapitisha wageni sita chumba kwa chumba: cherehani ya miguu, kalibu za fundi viatu, picha za harusi ambazo hata bwana harusi kanuna. Bibi hakuelewa Kiingereza chake, lakini kila Raïssa alipotua, naye alitikisa kichwa, kama afanyavyo kanisani mahubiri yakirefuka.

Chumba cha mwisho kilikuwa na meza ya ngazi tatu, kitambaa cheupe, sanamu ya Mtakatifu Yosefu juu. Chini yake mikate: msalaba, msumeno, na mmoja mrefu wa mawimbi, ndevu za mtakatifu mwenyewe. Bibi akafanya ishara ya msalaba. Kumbe hawa ni watu wetu! Raïssa akasema jambo, wageni wakacheka, kisha wote wakatoka.

Bibi akabaki. Alizaliwa Burundi, akazeekea kambini Kigoma, na kote huko sheria ni moja: ukiandaliwa meza ukaondoka bila kuonja, umemwita mwenye nyumba mchawi. Mama wa watu amehangaika hivi, na katika sita hakuna hata mmoja aliyemega? Basi akamega yeye kwa niaba yao, ncha ya ndevu.

Ndipo alipotafuna.

Abigail aliingia kufunga pazia, akaiona meza, uso ukambadilika. Akamwita Raïssa. Bibi hakuelewa maneno, ila kidole alikielewa. Raïssa akatazama mkate, akamtazama bibi yake, akaona chembe kwenye kidevu. Akasema maneno machache huku amejishika kifua. Abigail hakupaza sauti. Alinyoosha tu mkono, na Raïssa akavua kadi ya jina shingoni, akampa.

Bibi angeweza kusema. Aliukaza mkono kwenye pindo, akanyamaza.

Nje, Raïssa hakulia. "Twende hapo jirani tuone picha, Bibi. Ni bure."

Kilikuwa chumba kimoja cha michoro: wauza mboga, wanawake wanaokanda unga. Bibi hakuona kitu. Aliona tu kwamba kila uso ukutani unamtazama kidevu.

"Umemwambia nini yule mama?"

"Kwamba niliugonga nilipokuwa naonyesha."

"Kwa nini?"

"Ningesemaje? Kwamba bibi yangu amekula makumbusho?" Raïssa alijaribu kucheka. "Mkate ule uliokwa na nyanya ya huyo mama, Bibi. Una miaka sitini. Umepakwa vanishi usioze. Niliwaambia hauliki, usiguswe, wakacheka. Wewe nikasahau kukutafsiria."

"Usijitwishe. Wewe ulisahau neno. Mimi mkate niliutema, ukweli nikaumeza." Akajikongoja kuelekea mlangoni. "Turudi."

"Bibi, please, acha tu."

"Mimi nimesharudi. Wewe baki."

Abigail alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza. Bibi akapiga magoti mbele yake, akafungua pindo.

"Mwambie ni mimi. Mwambie yote, usinipunguzie hata kidogo."

Raïssa akatafsiri, macho chini. Abigail akakigeuza kile kipande, akaona alama za meno mawili, akamtazama Bibi mdomoni, ambamo mbele yamebaki mawili.

"Anauliza kwa nini hukusema palepale."

"Mwambie niliona aibu."

"Na sasa?"

"Mwambie bado naiona."

Abigail akakifumbata kile kipande kiganjani. Kisha akasema kwamba enzi za nyanya yake mtaa mzima ulikula kwenye meza ile, na aliyekataa alifuatwa mpaka kwake, mwiko wa kupakulia mkononi. Hakutabasamu. Akatoa kadi mfukoni, akamrudishia Raïssa.

"Jumamosi saa nne. Na bibi yako ale kwanza nyumbani."

Garini Raïssa alicheka mpaka machozi. "Meno mawili, Bibi! Amekutambua kwa meno!"

Bibi hakucheka. Mpaka wanafika Stafford alikuwa akipapasa pindo la kitenge, akikung'uta chembe ambazo hazikuwepo tena.